Beti moja unga ukiumuka

Muhuri wa tarehe wa masijala yetu ni ule wa kuzungusha kwa kidole. Kila asubuhi, kabla hujagusa barua ya kwanza, unasogeza mkanda wa namba siku moja mbele, unajaribu kwenye karatasi chakavu, ndipo unaanza kugonga. Jumatano moja ya Julai mwaka jana niligonga barua 14 mfululizo kabla mwenzangu wa meza ya pili hajainamia kitabu changu na kuniambia taratibu, "Dada, mbona sisi bado tuko jana?"

Kosa lenyewe dogo. Unakata kwa wino mwekundu, unaweka saini, unagonga upya. Lakini nilibaki na ule muhuri mkononi nikijiuliza hiyo jana ilikuwa na nini ambacho leo haina, nikakosa. Nilivaa nini, tulikula nini, nilizungumza na nani. Juzi yake vilevile. Siku zangu zilikuwa zimegeuka nakala kivuli, moja imetolewa juu ya nyingine, na kila nakala imefifia kidogo kuliko iliyotangulia.

Mimi ni mtunza kumbukumbu serikalini. Nilizaliwa Ngamiani, Tanga, nikafanya kazi Dar es Salaam, na mwaka 2019 wizara zilipokuwa zinahamia Mtumba nami nikafungasha vyombo, nikamshika mwanangu mkono, nikaja Dodoma. Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na mbili na robo nipo kituoni. Kutoka mjini hadi Mji wa Serikali, hukohuko Mtumba, ni kilomita kama 17, na nikipata kiti nasinzia njia nzima. Kisha ni majalada: barua inapokelewa, inasajiliwa, inapewa namba ya folio, inapelekwa kwa mkubwa, inarudi na dokezo, inapelekwa kwa mwingine, inarudi tena. Kazi hii naipenda. Nimemwona mzee akipata haki yake kwa sababu ya karatasi moja iliyotunzwa vizuri miaka thelathini. Ila jalada halina mwisho. Likijaa linafungwa, linafunguliwa jingine la namba ileile. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kurudi nyumbani nikasema, leo nimemaliza.

Wiki ileile ya muhuri, mama alinitumia mzigo kwa basi la Tanga. Kiroba chenye nazi 10, na katikati ya nazi kitu kimefungwa gazeti. Nilipompigia kumshukuru alisema, "Nazi zisikuharibikie, mwanangu. Na hicho kijitabu nimekikuta kwenye kabati la marehemu bibi yako. Macho yangu hayakiwezi tena."

Kilikuwa Utenzi wa Mwana Kupona. Karatasi za manjano, jalada limebanduka, beti 102.

Jina nililijua tangu sekondari, kama wengi tunavyolijua: mwanamke wa visiwa vya Lamu, aliyemwandikia binti yake wasia kwa shairi mwaka 1858. Tulikariri mwaka ule kwa ajili ya mtihani. Kuusoma utenzi wenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, sikuwahi. Nilikaa jikoni nikiwa na kiroba cha nazi upande mmoja na kijitabu upande wa pili, na namba zile mbili zikanifurahisha kuliko nilivyotegemea. Nazi 10. Beti 102. Vyote viwili vinahesabika, na vyote viwili vitaisha.

Nikamwambia binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, kwamba kuanzia siku hiyo tutasoma beti moja kila jioni, na kila Jumamosi nitapika mkate mmoja wa pwani kwa nazi za bibi, usijirudie. Akaenda kwenye kalenda ya ukutani na kalamu yake ya rangi, akaandika 1 kwenye tarehe ya siku ile. Hakuniuliza kwa nini. Watoto hawahitaji sababu ya kuanza kitu.

Jioni ya kwanza tu tukakutana na neno "negema". Nikajua kwamba ni Kiamu, lahaja ya Lamu, maana yake sikuijua. Jioni chache baadaye ikaja "ndoo". Binti yangu akanitazama: "Mama, huyu ni mgonjwa, ndoo ya nini?" Tukacheka hadi machozi, kisha tukakaa tukifikiri kwa kweli kama anatapika. Nikamrekodia sauti bi mkubwa mmoja, jirani yake mama, mzaliwa wa Lamu aliyeolewa Tanga zamani sana, nikamtumia mama kwa WhatsApp ampelekee. Jibu likaja usiku, sauti ya dakika nne, nyuma yake kuku wanasikika. Negema ni sogea, njoo karibu. Pulika ni sikia. Na ndoo si ndoo ya maji, ni njoo. Kule kwao njia ni ndia, moja ni moya, leo ni yeo. "Mwambie mwanao," alisema, "Mwana Kupona yuwamwita bintiye akae karibu, alete wino na karatasi."

Kuanzia hapo sikuweza kuacha. Mama mgonjwa anamwita bintiye akae naye, aandike. Nasi tumekaa kwenye mikeka ya plastiki jikoni Dodoma, mama na binti, tukiambiwa tusogee karibu na mtu aliyeandika zaidi ya miaka 160 iliyopita. Binti yangu akaligeuza lile neno kuwa la nyumbani. Akitaka nimkague hesabu: "Negema, mama." Chai ikiwa tayari: "Negema."

Sasa mikate.

Nilianza na mkate wa kumimina kwa sababu ndio niliojidai naujua. Mchele vikombe viwili umelala kwenye maji usiku kucha. Nazi moja nimeikuna kwa mbuzi, tui zito kikombe na nusu. Hamira kijiko cha chai, iliki niliyoitwanga mwenyewe, vyote kwenye blenda hadi ukipima kwa vidole husikii chenga. Unaacha uumuke, ndipo unatia sukari na ute wa yai. Pwani kazi hiyo ya kuumuka inakwisha kabla hujamaliza kuosha vyombo. Dodoma mwezi wa Julai, mji uko juu ya mita 1,000, upepo mkavu unapenya chini ya mlango, unga wangu ulikaa saa mbili na nusu umetulia kama maji ya kisima. Nikapoteza subira nikaumimina. Nikaweka makaa mengi chini, machache juu. Ukatoka umeungua chini, katikati uji.

Mama alinisikiliza kwenye simu, akauliza swali moja tu: "Makaa uliyaweka wapi mengi?" Nilipomjibu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkate unapikwa kutoka juu, mwanangu. Chini ni joto la kuushika tu."

Jumamosi iliyofuata nilivunja sheria ya kutorudia. Safari hii sufuria la unga nililifunika kwa kitambaa kibichi, maana hewa ya huku inaukausha uso ukafanya ngozi, nikaliweka karibu na jiko lililokuwa na birika la maji ya moto. Nikajiambia sitaugusa mpaka uwe tayari. Na hapo ndipo kusoma na kupika vikakutana, bila mimi kupanga. Sikuwa na la kufanya ila kusubiri, basi nikachukua kijitabu. Beti ile moja niliisoma mara tano, mara sita. Nikaanza kusikia kumbe kila kipande kina mizani nane, vipande vitatu vinaimba kina kimoja, cha nne kinarudi kwenye kina cha bahari kinachokwenda nao hadi mwisho. Shuleni nilikuwa nayahesabu mambo hayo kwa penseli. Pale jikoni nilikuwa nayasikia mwilini. Binti yangu akawa anapiga mizani kwenye kifuniko kwa kijiko. Tulipofunua, unga ulikuwa umejaa mapovu hadi ukingoni.

Mkate ule ulitoka mweupe ndani, una matundu kama sega la nyuki, juu rangi ya asali. Nilikula kipande cha kwanza nimesimama.

Nataka kueleza kilichobadilika, kwa sababu rafiki zangu wawili wameniuliza wakidhani nimepata mchumba au uhamisho. Ratiba yangu haikubadilika hata dakika moja. Kengele ni saa kumi na nusu ileile, kituo ni kilekile, majalada yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba sasa nikiwa kwenye daladala, kuna kitu nyumbani kinanisubiri kikiwa nusu. Mchele umelowa. Beti ya jana ina neno sijalijua. Sauti ya bi mkubwa itakuwa imefika jioni. Zamani nilikuwa natoka nyumbani nikiacha vitu vilivyokwisha, chakula kimeliwa, vyombo vimeoshwa, na kurudi kwangu kulikuwa kurudi kulala tu. Sasa nasahau hata kusinzia. Nakaa dirishani, naitia beti kinywani kama tende, naigeuza.

Na siku zikaanza kuwa na sura. Ukiniuliza Septemba ilikuwaje naweza kukuambia: wiki ya chila, ambazo zilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, wiki ya vitumbua, wiki ya mkate wa ufuta. Huu wa ufuta unahitaji maneno mawili. Unga wake wa ngano unaukanda kwa tui na yai hadi uwe mlaini wa kunata, unaupiga kwa mkono hadi unavutika. Unautandaza kwenye kikaango kikavu kwa kiganja chenye maji, unanyunyiza ufuta, na chini ukishashika unakigeuza kikaango chote kifudifudi juu ya makaa. Kuna sekunde moja unapogeuza ambayo moyo unasimama. Ukishika vizuri haudondoki. Sijui kama kuna jambo lolote kazini kwangu lenye sekunde ya namna hiyo.

Kulikuwa na wiki mbaya pia. Katikati ya utenzi tulifika beti za mume: jinsi ya kumtii, kumsuguasugua, kumpepea akilala, na kwamba radhi ya mume ndiyo itakayomfikisha mke peponi. Mimi niliachika. Nilizisoma beti zile mbele ya binti yangu nikahisi koo linakaza. Jioni ya pili nikafunga kitabu, nikasema tutaruka. Akaniuliza, "Tukiruka, kwenye kalenda niandike namba gani?"

Nilikaa siku nne bila kusoma. Halafu nikamwambia bi mkubwa ukweli, kwa sauti ya dakika moja, kwamba beti hizi zinanichoma na sitaki mwanangu azibebe. Jibu lake nimelihifadhi. Alisema Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mjane alipoandika. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa shehe wa Siyu aliyepigana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar, na alikuwa ameshafariki. Mama huyu alikuwa anaumwa, anajua anaondoka, anamwacha binti peke yake katika dunia ambayo mwanamke alilindwa na mume au hakulindwa kabisa. "Alimpa silaha aliyokuwa nayo," alisema. "Wewe mpe wako silaha yako."

Nikazisoma. Bado sizikubali beti zile, na nilimwambia binti yangu hivyo kwa uwazi, kwamba mtu unaweza kumpenda na kumheshimu, na ukakataa neno lake moja. Tuliongea usiku ule mambo ambayo hatukuwahi kuyaongea, kuhusu baba yake, kuhusu kwa nini tuko wawili. Mkate wa Jumamosi ile sikumbuki ulikuwa mkate gani. Mazungumzo nayakumbuka yote. Na beti nyingine za utenzi uleule, zile za kuuchunga ulimi, za kusema kweli, za kuheshimu watu, nazipenda kama vile nimeandikiwa mimi. Mwana Kupona alifariki miaka michache tu baada ya kuandika, karibu mwaka 1860. Bintiye aliitwa Mwana Hashima. Mwanangu alinitaka nimwandikie jina hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, nikamwandikia.

Nazi 10 ziliisha mwanzoni mwa Oktoba. Nilinunua nyingine Majengo sokoni, ghali, na mbili kati ya nne zilikuwa zimechacha. Joto nalo lilikuwa limeshafika. Unga ule uliokuwa unalala saa mbili na nusu Julai, sasa unamwagika sakafuni ukichelewa kidogo. Nikaanza kuwaza kwamba nimekaa naagiza pwani kwa kiroba, na kwamba kiroba kikikatika nami nimekatika.

Mama mwenye nyumba wetu ni Mgogo, mtu mzima, anakaa nyumba ya mbele. Jumamosi moja nilimwamkia, akanijibu, akauliza mbona leo hapanukii. Nikamwambia nazi zimekaribia kuniishia na uliobaki ni mkate mmoja mgumu, wa mofa, ule unaopigwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo. Kwetu Ngamiani kulikuwa na bibi aliyeuza. Moto unawashwa ndani ya mofa, ukitulia anaingiza mkono uliolowa na kuubandika mkate ukutani. "Ngano?" akaniuliza. Nikamjibu hapana, mofa ni unga wa mtama.

Akanitazama kama mtu anayemwona mtoto akitafuta kandambili alizovaa. "Mtama?" alisema. "Mwanangu, umekuja kwenye mtama."

Ni kweli. Miaka yote hiyo nanunua ngano ya pakiti, na mkate wa kale wa kwetu unga wake unalimwa hapahapa, kwenye ardhi hii kavu ambayo mahindi yanaogopa. Nilikuwa napita kwenye magunia ya mtama na uwele sokoni kila wiki bila kuyaona. Akaniletea kibaba cha unga wa mtama wa shamba lake, umesagwa laini, na chungu kikubwa kikuukuu chenye ufa mdomoni. Tukakiegemeza kwa mawe matatu uani, makaa ndani, tukasubiri kuta zipate moto. Unga niliukanda na hamira, chumvi na bizari nyembamba kama mama alivyonielekeza, nikauacha usiku mzima.

Mkate wa kwanza ulianguka kwenye makaa. Wa pili pia. Vinyweleo vya mkono wangu wa kulia vikaungua vyote. Wa tatu ukashika. Tulikuwa watatu tumeinama juu ya kile chungu tukiutazama unavyobadilika rangi ukutani, na hakuna aliyesema neno. Ulipobanduka nikaugawa. Ulikuwa mgumu pembeni, laini katikati, na ile ladha yake ya ukakasi mdogo ikanirudisha Ngamiani kabla sijaanza shule. Tulikula na perege wa Mtera niliyempika kwa tui la nazi ya mwisho. Mama mwenye nyumba akaja na mlenda wake, akachovya mofa humo, akasema hivyo ndivyo unavyotakiwa kuliwa. Nilijaribu. Nina mashaka kidogo, lakini nimejaribu mara nne tangu siku ile.

Beti ya 102 tulitakiwa kuifikia mwanzoni mwa Novemba. Kwa siku tulizoruka, tuliifikia tarehe 19. Binti yangu aliandika namba kwenye kalenda, akaizungushia duara, kisha akasimama pale akiangalia miraba mitupu iliyobaki mwezini. "Kesho je?"

Nilikuwa nimeshajiandaa. Shaaban Robert, mtu wa Tanga kama sisi, naye alikuwa mtumishi wa serikali, na kazi hiyo ilimtoa pwani katika miaka ya 1940 ikamleta Mpwapwa, mkoa huuhuu wa Dodoma. Nataka kujua yeye alikula nini huku. Nimeazima kitabu cha maisha yake, tutasoma kurasa mbili kila jioni, na kwa upande wa jiko mama mwenye nyumba ameahidi kunifundisha vya kwao, tukianza na mlenda wenyewe na namna ya kuukausha. Leo ni Ijumaa. Majani ameshayaanika juani uani kwake tangu saa sita, na nimeambiwa niyageuze kabla jua halijazama. Binti yangu yuko dirishani, ananiita negema, jua linakwenda.